Mchele wa Goma na meza ya Roma

Juni 15, 2025, pale Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta kule Roma, Kardinali Marcello Semeraro alimtangaza mwenyeheri, yaani hatua moja kabla ya mtakatifu, kijana mmoja wa Goma, mashariki ya Kongo, anaitwa Floribert Bwana Chui. Siku 12 baadae, Juni 27, mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda wakakaa Washington wakasaini mkataba wa amani. Sisi huku tukazipokea kama habari mbili zisizojuana. Ya kwanza ikaenda kwenye magrupu ya kwaya na ya jumuiya ikiwa na picha ya kijana aliyekataa rushwa, ya pili ikaenda kwa wachambuzi wa siasa na watu wakabishana usiku mzima kuhusu Kagame na Tshisekedi na madini ya koltani. Mi naona hapo ndo tumepotea. Niseme mapema kabisa ninachokiamini: Floribert hakufa kama mfanyakazi mwadilifu peke yake, alikufa kama mtu wa jumuiya ya Sant'Egidio, ambayo kwa zaidi ya miaka 50 inashikilia kwamba kuwa rafiki wa maskini na kutafuta amani ni kazi moja, na mtu asiyeelewa yule kijana alifanya nini na ule mchele mbovu aliokataa kuupitisha mpakani hawezi kuelewa kwa nini mikataba ya mashariki ya Kongo inasainiwa inakufa, inasainiwa tena inakufa tena.

Tuanze na yeye mwenyewe. Alizaliwa Goma, Juni 1981, akasoma sheria, akapata kazi OCC, ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa, kwa Mtanzania hiyo ni kama TBS na kwa Mkenya ni kama KEBS. Alianzia Kinshasa halafu mwaka 2007 akarudishwa kwao, kwenye kitengo kinachoshughulika na bidhaa zilizoharibika. Wanaoijua Goma wanajua mpaka upo mjini kabisa, Gisenyi ya Rwanda iko hapo hapo, unavuka kwa miguu ukiwa na kapu kichwani na baada ya dakika chache uko Birere, mtaa wa Goma, unauza. Malori nayo yanavuka na chakula cha mji mzima. Ukaja mzigo wa mchele uliooza kutoka ng'ambo, Floribert akakataa kuuruhusu. Wakamletea hela akakataa, wakaongeza akakataa, zikaanza simu za wakubwa, akakataa vilevile. Kabla ya hapo alimwendea sista mmoja rafiki yake ambaye ni daktari akamuuliza vile vyakula vinaweza kumfanya nini mtu akivila, na yule sista ndiye aliyekuja kusimulia baadae kwamba Floribert alimwambia hizo hela zitaisha upesi, sasa wale watakaokula itakuwaje. Julai 7, 2007 akatekwa. Siku mbili baadae mwili wake ukaokotwa ukiwa na alama za mateso. Alikuwa na miaka 26 na mchumba.

Hapa watu wengi ndo wanaishia, na mahubiri mengi niliyosikia yanaishia hapo hapo, kijana msafi, rushwa mbaya, vijana muigeni. Sikatai, lakini angalia neno ambalo Kanisa limelitumia. Novemba 2024 Papa Fransisko aliidhinisha kwamba huyu ni mfiadini, yaani aliuawa kwa chuki dhidi ya imani. Kwenye ule mchele imani ilikuwa wapi? Wale wauaji hawakumuuliza habari za Utatu Mtakatifu, hawakumlazimisha akanyage msalaba. Kongo inao wenyeheri wengine na kwao uhusiano na imani unauona kwa macho kabisa, Bakanja Isidori alipigwa mpaka kufa mwaka 1909 kwa sababu hakukubali kuvua skapulari, kile kitambaa cha ibada kinachovaliwa shingoni, sista Anuarite aliuawa 1964 akitetea nadhiri yake, na wale wamisionari watatu wa Saveriani pamoja na padri Albert Joubert waliotangazwa Uvira Agosti 2024 waliuawa kwenye vurugu za mwaka huohuo wa 1964. Floribert ni tofauti, yeye aliuawa kwa sababu ya karatasi ya ukaguzi wa bidhaa. Wa karibu zaidi naye ni Rosario Livatino, hakimu wa Sicilia aliyeuawa na mafia 1990 akatangazwa mwenyeheri 2021, naye mlei, naye kazini. Maana yake Kanisa linasema kitu kizito ambacho tumekipita haraka haraka: kumlinda mtu usiyemjua asile sumu ni tendo la imani kama kukataa kuvua skapulari. Ukishakubali hivyo huwezi tena kuiweka haki kwenye kabati moja na sala kwenye kabati lingine.

Na hili halikutoka hewani, lina wenyewe. Jumuiya ya Sant'Egidio, na hapa niwatoe wasiwasi waliozoea jumuiya ndogo ndogo za mtaani, hii ni kitu kingine, ilianza Roma Februari 1968 na mwanafunzi wa sekondari, Andrea Riccardi, hajafika hata miaka 20. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulikuwa umeisha juzi tu. Wakaanza kusoma Injili pamoja halafu wakatoka kwenda pembezoni mwa jiji ambako wahamiaji wa kutoka kusini mwa Italia walikuwa wanaishi kwenye vibanda, wakawa wanawafundisha watoto wao kusoma. Mwaka 1973 wakapata konventi ya zamani ya watawa pale mtaa wa Trastevere, konventi ya Mtakatifu Egidio, jina likabaki hilo. Sio watawa wenye nadhiri, wengi ni watu wa kawaida wana kazi zao na ndoa zao, wanakutana jioni kusali na wanawahudumia maskini bila kulipwa, na mwaka 1986 Roma ikawatambua rasmi kama chama cha walei. Leo wako nchi zaidi ya 70. Pale Goma kazi yao kubwa ilikuwa na maibobo, wale watoto wa mitaani ambao watu wa mji wamezoea kuwaita hivyo na kuwafukuza kama mbwa, walikuwa na Shule ya Amani kwa ajili yao na Floribert akiwa mwanafunzi alikuwa mwalimu humo, anawatafuta, anawalisha, anawarudisha shule.

Sasa unganisha. Mchele ulioharibika ukiingia mjini anayeula ni nani? Mkubwa wa ofisi hauli, yeye ananunua wa kwenye gunia zuri. Ule unashushwa bei, unaenda kwa mama wa migahawa ya mabanzi, na anayenunua sahani ya bei ya chini kabisa mji mzima ni yule maibobo. Kwa hiyo Floribert alipokuwa anaangalia ule mzigo hakuwa anaona tani kadhaa za bidhaa isiyokidhi kiwango, alikuwa anaona watoto ambao anawajua majina na anajua wanakula wapi. Kwa mtazamo wangu ndicho kitu chenyewe, ndiyo siri ya mambo yote ya hao watu: urafiki na maskini unakupa macho. Kozi ya maadili ya kazi inakuambia usichukue hela maana ni kosa, na ukishinikizwa sana unajiuliza kosa kwani nani hajalifanya. Urafiki unakuambia usichukue maana fulani atakula.

Niliwahi kufanya kazi ya kliaringi, kutoa mizigo forodhani, miaka miwili kwenye mpaka mmoja, sitautaja, na niliona shehena ya maziwa ya unga iliyopita tarehe ikibadilishiwa stika usiku ndani ya godauni, mimi nikiwa nimeshika tochi. Asubuhi ikasainiwa ikaondoka. Wote tuliokuwa pale tulikuwa tunajua rushwa ni dhambi, na wawili walikuwa wanakwaya. Hamna hata mmoja wetu aliyekuwa anamjua mtoto atakayeyanywa.

Turudi Roma. Kinachofanya Sant'Egidio wajulikane duniani ni Msumbiji, na hii ni stori ambayo sisi Watanzania tungepaswa kuijua vizuri maana Frelimo ilizaliwa Dar es Salaam 1962, wanajeshi wetu walikwenda kule miaka ya 80, na wakimbizi wa ile vita walivuka Ruvuma wakaja kwetu. Vita ya serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo ilianza 1977 na inakadiriwa iliondoka na watu karibu milioni moja, kwa risasi na kwa njaa. Jumuiya iliingia kule kupitia urafiki na Jaime Gonçalves, askofu wa Beira ambaye walimjua alipokuwa anasoma Roma. Alikuwa anawaeleza jinsi serikali ya Frelimo inavyolibana Kanisa na jinsi watu wanavyokufa njaa, wao wakawa wanatuma chakula na dawa, wanaongea na viongozi wa chama cha kikomunisti cha Italia wawasaidie kufika kwa Frelimo, miaka inaenda hivyo. Yaani kabla hawajawa wapatanishi walikuwa ni watu wanaobeba magunia. Kupitia Gonçalves huyohuyo wakafika mpaka kwa Afonso Dhlakama, kiongozi wa Renamo, kule porini. Julai 1990 pande mbili zikakaa kwenye ile konventi ya Trastevere, na wapatanishi walikuwa wanne, Riccardi, padri Matteo Zuppi ambaye leo ni kardinali wa Bologna, askofu Gonçalves, na mwanasiasa wa Italia Mario Raffaelli. Miezi 27. Oktoba 4, 1992 Rais Chissano na Dhlakama wakasaini. Umoja wa Mataifa ulikuja kusimamia baadae, ila aliyewakalisha mezani hakuwa na jeshi wala mkopo wa kutoa wala mgodi anaoutaka.

Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mpatanishi wa kawaida wa siku hizi anakuja na kitu mkononi, na wanaopatanishwa wanajua, kwa hiyo wanapatana na mpatanishi badala ya kupatana wao kwa wao. Hawa walikuwa wameonekana miaka yote wakitoa bila kudai. Ndo maana Burundi nayo ilipofika pabaya walikuwemo, mwaka 1997 serikali ya Buyoya na waasi wa CNDD walifanya mazungumzo ya siri Roma chini yao, na mchakato ulipohamia Arusha kwa Mwalimu Nyerere na baada yake Mandela, ile kamati ya amani na usalama iliongozwa na padri Zuppi. Mkataba wa Arusha wa Agosti 28, 2000 tunaujua sote, tunajua pia ulivyokuja kutafunwa.

Najua yanayosemwa dhidi yao na mengine yana nguvu, siwezi kuyaruka. Lenye nguvu kuliko yote linahusu haki yenyewe. Msumbiji ilisaini mkataba tarehe 4 na mwezi huohuo bunge likapitisha msamaha wa jumla, yaani waliokata watu masikio, walioteka watoto wakawafanya askari, walioua kwa upande wa serikali, wote wakarudi nyumbani na hamna mahakama iliyomsikiliza mjane hata mmoja. Mtu akiniambia hiyo ni amani iliyonunuliwa kwa kuwanyamazisha waliodhulumiwa, sina jibu la kumfunga mdomo. Na matokeo yapo, Renamo walirudi porini 2013, ikabidi wasaini tena 2019, tangu 2017 mkoa wa Cabo Delgado unawaka hapo jirani na Mtwara kwetu, na vijana wa kule wanalalamika miaka yote kwamba rubi na gesi vinapita mbele ya macho yao. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2024 watu wakauawa barabarani Maputo na miji mingine. Mimi nasema hivi, miaka 20 bila vita ni watoto wengi sana waliokua na miguu yote miwili, huwezi kuidharau kama hukuwa unalala msituni, lakini deni la haki lilibaki na deni linazaa riba. Kwangu hilo halivunji hoja ya hii jumuiya, linaikaza. Amani na maskini ni kazi moja, na pale Msumbiji nusu moja ilifanyika vizuri kuliko nusu ya pili.

Hoja nyingine ni kwamba hao ni watu wasio na mamlaka wanaoingilia kazi ya serikali. Wanatolea mfano Algeria, Januari 1995 jumuiya iliwakutanisha vyama vya upinzani pamoja na FIS, chama cha Kiislamu kilichokuwa kimepigwa marufuku, wakatoa waraka wa pamoja kule Roma, serikali ya Algiers ikautupa wote na vita ikaendelea kuua miaka mingine. Kweli, walishindwa. Ila waliokuwa na mamlaka nao walishindwa, na hamna anayesema kwa hiyo mabalozi wafungashe virago. Kuna pia la Italia, kwamba hii jumuiya iko karibu mno na serikali ya kwao, Riccardi mwenyewe alikuwa waziri wa ushirikiano wa kimataifa kwenye serikali ya waziri mkuu Mario Monti, na hili naliona ni doa la kuliangalia kwa makini, maana nguvu yote ya Msumbiji ilitokana na kutokuwa na bendera. Na kuna la kukaa na wauaji. Wakongo wanalijua hili vizuri sana sasa hivi, Februari 2025 maaskofu Wakatoliki wa CENCO pamoja na wachungaji wa Kiprotestanti wa ECC walienda Goma ikiwa imeshachukuliwa na waasi wa M23 wakaongea na Corneille Nangaa, kiongozi wao wa kisiasa, na kule Kinshasa wakatukanwa kwamba wanawapa waasi heshima. Naelewa uchungu wa mtu ambaye dada yake kafanyiwa unyama halafu anaona askofu anapiga picha na kamanda. Ila vita ya Msumbiji isingeisha bila mtu kwenda kwa Dhlakama, na Dhlakama hakuwa malaika.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote, na naisikia hata kwa Wakatoliki wazuri tu: alikufa bure. Mchele mbovu unapita kila siku, ungepita tu kwa mpaka mwingine au kwa mkaguzi mwingine, angechukua zile hela akaoa, akawasaidia hao hao maibobo wake. Kongo wana jina la hiyo falsafa, wanaiita Artiko 15, jitafutie, jipange mwenyewe, na huku kwetu tunasema kila mbuzi anakula kwa urefu wa kamba yake. Inaonekana ni akili ya mtu mzima anayeijua dunia. Lakini waangalie wauaji, hao waliijua dunia kuliko sisi. Kama saini ya kijana mmoja wa miaka 26 haikuwa na maana, kwa nini walitoa hela? Kwa nini waliongeza? Kwa nini wakubwa walipiga simu, na ilipokwama kwa nini walimteka na kumtesa mtu kwa ajili ya saini isiyo na maana? Wangeenda tu kwa mkaguzi mwingine. Ukweli ni kwamba biashara yote chafu ya mpakani inasimama juu ya jambo moja, kwamba kila mwenye kalamu ana bei na bei inajulikana. Siku anapotokea mmoja asiye na bei, wenye mzigo hawawezi tena kupiga hesabu. Waliua ili kurudisha hesabu mahali pake, na sisi tunaposema alikufa bure tunawasaidia kumaliza kazi waliyoianza.

Sasa ndo nifike kwenye mkataba wa Washington, kwa sababu hapa ndipo mambo mawili yanakutana. M23 wenyewe, watu wanasahau, jina lao limetokana na mkataba wa amani, ule wa Machi 23, 2009 ambao walidai haukutekelezwa, wakaasi 2012. Kabla ya huo ilikuwepo Lusaka 1999, Sun City, mkutano wa Goma wa Januari 2008, na baadae Nairobi 2013, kisha mchakato wa Luanda, sasa Washington na Doha. Haki ya Mungu, mashariki ya Kongo haijawahi kukosa karatasi. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ilisema M23 walikuwa wanakusanya karibu dola 800,000 kwa mwezi kutokana na koltani ya Rubaya, mji wa migodi mashariki ya Kongo, tangu walipouchukua ule mji mwaka 2024. Hayo madini hayaruki angani yakiwa peke yake. Yanapakiwa, yanapimwa, yanapewa karatasi ya asili isiyo ya kweli, yanavuka bariera, na kila hatua kuna binadamu ameshika mhuri. Mkataba wa Juni 2025 una sehemu ya usalama, waasi wa Kihutu wa FDLR wanaoipinga Rwanda wadhibitiwe na Rwanda iondoe kile inachokiita hatua zake za kujilinda, halafu una sehemu ya uchumi, nchi zishirikiane kwenye madini na biashara ya kuvuka mipaka. Nimeisoma hiyo ya uchumi na nikajiuliza swali moja tu, pale barierani atakuwepo nani? Maana kama bariera inauzwa, ushirikiano wa uchumi utakuwa ni kuhalalisha kilichokuwa kinapita usiku kipite mchana. Vita ya kule inalishwa na maelfu ya saini ndogo ndogo, na ukisaini moja kubwa Washington bila kugusa hizo ndogo, zile ndogo zitaila ile kubwa, kama zilivyozila zilizopita.

Ndo maana nasema kumfanya Floribert msimamizi wa semina za kupinga rushwa ni kumpunguza. Alikuwa anafanya kazi ya amani kwenye ngazi ambayo wapatanishi hawafiki. Zuppi na Riccardi walifanya ileile kazi kwenye ngazi ambayo mkaguzi wa mpakani hafiki. Jumuiya moja, sala ileile ya jioni. Ukiondoa ngazi ya juu wanabaki watu wema wanaouawa mmoja mmoja, ukiondoa ya chini inabaki mikataba ya picha. Papa Fransisko aliligusa hili Februari 2, 2023 pale Uwanja wa Mashahidi Kinshasa, akiongea na vijana, alimtaja Floribert kwa jina. Goma kwenyewe hakuweza kufika, ilikuwepo kwenye ratiba ya kwanza ya 2022 ikaondolewa kwa sababu ya vita. Chini ya mwaka mmoja kabla ya Juni 2025, mama yake Floribert na watu wa Goma bado walikuwa wanaweza kuota misa ya kumtangaza ifanyike kwao. Ikabidi ifanyike Roma, kwa sababu mwisho wa Januari 2025 mji ulianguka, benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na kambi za wakimbizi zilizokuwa zimeuzunguka mji zikavunjwa watu wakaambiwa warudi walikotoka.

Na sisi tusijifanye tunaangalia kwa mbali. Shehena nyingi za Kongo zinapita bandari ya Dar es Salaam, zinapita Rusumo na Kigoma, zinasafirishwa na malori yetu na madereva wetu na makaratasi yanayojazwa na watoto wetu wa vyuo vya kodi na usafirishaji. Katika majimbo yetu karibu yote kuna Tume ya Haki na Amani, na nimehudhuria vya kutosha kusema kazi yake kubwa imekuwa ni semina kabla ya uchaguzi na tamko baada ya uchaguzi. Sizipuuzi, matamko mengine yameandikwa na watu waliojua watalipa gharama. Lakini mkaguzi wa nyama, afisa wa mizani, mfamasia wa bohari ya wilaya, dogo wa kliaringi anayeshika tochi usiku kwenye godauni, hao hamna anayewaita na kuwaambia kwamba walichoshika mkononi ni kazi ya amani, wala hamna anayewaunganisha wawe na mtu wa kumpigia simu siku wakubwa watakapoanza kupiga zao. Floribert alikuwa na yule sista daktari na alikuwa na jumuiya, na hata hivyo aliuawa. Aliye peke yake atafanyaje?

Kwenye parokia yetu nimependekeza tume mwaka huu isimlete mtaalamu wa katiba. Nimeomba tuwaite hao wenye mihuri, kumi tu, Jumamosi moja mchana, tuwapeleke kwanza kituo cha watoto wa mitaani kilichopo jirani wakale nao chakula cha siku hiyo, na mazungumzo yaanzie hapo mezani. Paroko amekubali. Nimeshapata majina saba, na wawili kati yao ni wa mpakani.